Kutoka Stakabadhi hadi Kadi ya Picha: Kura na Sheria Jimboni Texas

Katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, karatasi ambayo mpiga kura alidaiwa kwa miongo mingi ilikuwa stakabadhi ya kodi ya kichwa, ambayo baada ya marekebisho ya katiba ya jimbo ya mwaka 1902 ilitumika pia kama cheti cha kuandikishwa. Jina la kodi hiyo lisimpotoshe msomaji wa Afrika Mashariki, kwa maana kodi ya kichwa ya wakoloni ilidaiwa kwa nguvu, na asiyeilipa aliweza kufungwa, ilhali ile ya Texas ilikuwa na adhabu moja kubwa, nayo ni kukosa kura. Kiwango chake kilikuwa dola 1.50, ambazo kaunti iliweza kuziongezea senti 25, na ililazimu kulipwa kati ya tarehe 1 Oktoba na 31 Januari, yaani miezi mingi kabla ya uchaguzi wenyewe. Wakulima wa pamba waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, wakiwemo Weusi, raia wenye asili ya Mexico na Wazungu maskini, ndio walioumizwa zaidi, ingawa sheria haikulitaja kundi lolote kwa jina. Na humo ndimo ulimokuwa ugumu wa kuipinga mahakamani.

Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani iliihalalisha kodi kama hiyo katika kesi iliyotoka Georgia. Marekebisho ya 24 ya Katiba ya nchi, yaliyoridhiwa mwaka 1964, yaliifuta katika chaguzi za kitaifa tu, kwa hiyo Texas iliendelea kuitoza kwa chaguzi za jimbo hadi mwaka 1966, mahakama ya shirikisho ilipoibatilisha mwezi Februari. Mwezi uliofuata, katika kesi ya Harper iliyotoka Virginia, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba mali ya mtu haiwezi kuwa kipimo cha haki yake ya kupiga kura.

Baada ya kodi hiyo kufutwa, mwaka 2011 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kumtaka mpiga kura aonyeshe kitambulisho chenye picha, ambayo ilikubali leseni ya kubeba bastola lakini ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu, uteuzi ambao ni vigumu kuutetea kwa hoja ya kuzuia udanganyifu. Sheria hiyo ilizuiwa kwanza kwa kanuni ya idhini ya awali, iliyoyalazimu majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba ruhusa ya serikali kuu au mahakama kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Tarehe 25 Juni 2013, katika kesi ya Shelby, Mahakama ya Juu iliubatilisha utaratibu wa kuyateua majimbo hayo, na siku hiyo hiyo Texas ikatangaza kuanza kuitumia sheria yake. Tangu hapo mzigo wa kuthibitisha ulimhamia mwananchi, ambaye sasa alipaswa kushtaki na kuonyesha madhara. Mahakama ya wilaya ilikadiria mwaka 2014 kwamba wapiga kura walioandikishwa wapatao 600,000 hawakuwa na kitambulisho kilichotakiwa. Kadi ya kitambulisho ya jimbo ilitolewa bure, lakini cheti cha kuzaliwa kilichohitajika ili kuipata kilikuwa na ada. Baada ya mahakama ya rufaa kukubali mwaka 2016 kwamba sheria ilikuwa na athari za kibaguzi, bunge la jimbo liliirekebisha mwaka 2017, likamruhusu asiye na kadi kutia saini tamko la kikwazo kilichomzuia kuipata.