Pembe ya Maniema, Mvua ya Kigali

Kila Itumba ikifika, zile mvua za Machi mpaka Mei, simu zinaanza: "Papa fundi, piano imekuwa nzito. Ukibonyeza, kibao hakirudi." Na mara nyingi linafuata neno la pili: "Si bora tuiuze tu, tununue kinanda cha umeme?"

Mimi ni mtu wa Maniema, mkimbizi hapa Kigali, na kazi yangu ni kutengeneza piano za makanisa na za nyumba za watu. Ninaandika kwa sababu ya hilo neno la pili. Wengi wanadhani piano ya zamani ni kitu cha Wazungu kilichopotea njia, kimechoka, wala hakituhusu. Mimi nakataa. Tuangalie kwanza kwa nini inakuwa nzito, halafu tuone ilitoka wapi.

Piano ya kwanza ilitengenezwa Florence, Italia, karibu mwaka 1700, na fundi aliyeitwa Bartolomeo Cristofori. Akili yake yote ilikuwa kwenye jambo moja: nyundo ipige uzi, kisha iuachie palepale ili sauti iendelee. Nyundo zake zililala, kwa hiyo zilirudi chini kwa uzito wao wenyewe. Karne ya 19 watu wa mijini walitaka piano ya kuegemea ukuta katika nyumba ndogo, na mafundi kama Robert Wornum wa London wakaboresha mitambo ya kusimama. Humo nyundo inapiga kwenda mbele. Uzito wake haisaidii sana kurudi, inategemea springi ndogo na kamba ya kitambaa. Ndiyo maana piano ya kusimama haivumilii msuguano: kitu kidogo tu kikibana, nyundo inachelewa.

Na kinachobana mara nyingi ni kitambaa. Piano ya kawaida ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kila kibao kinacheza juu ya pini za chuma, na kila nyundo ina bawaba yenye pini nyembamba, kama milimita 1.3 hivi. Pini zote hizo zimezungushiwa kitambaa cha sufu ili zisigongegonge. Sufu inakunywa unyevu. Itumba ikija inavimba, inaikaba pini. Impeshyi ikija, Juni mpaka Agosti, inakauka, inalegea. Piano haijafa, yaani imeshiba maji tu.

Sasa, usikimbilie dawa kabla hujajua ugonjwa. Fungua ubao wa mbele. Kwanza angalia kama kuna sarafu au penseli iliyoangukia katikati ya vibao. Vibao viwili jirani vikiwa vizito pamoja, anza na hilo. Halafu sukuma nyundo kwa kidole mpaka karibu na uzi, uiachie. Ikirudi polepole kama mtu aliyelala, shida iko kwenye bawaba. Ikirudi haraka, nyundo ni nzima. Hapo inua kidogo kile kipande kinachokaa juu ya mkia wa kibao, kibao kibaki peke yake, ukichezeshe juu na chini. Kikikwama, kitambaa chake kimekaza.

Kibao kilichokaza kinatolewa, kisha kitambaa kinaminywa taratibu kwa koleo yenye mdomo laini, kidogo kidogo, unajaribu kila mara. Usizungushe ile pini ya mbele kwa nguvu. Utakula kitambaa na mwaka ujao kibao kitatikisika. Bawaba iliyokaza naiwekea tone la spiriti iliyochanganywa na maji, naiacha mpaka kesho yake. Kitambaa kinavimba kwanza, kinajibana kwenye pini, kikikauka kinabaki na nafasi. Isipotosha, natoa pini, napanua tundu kidogo, naweka pini nyingine. Mafuta hapana! Mafuta ya cherehani, ya kupikia, ya gari, yote hapana. Leo kibao kitateleza, kesho sufu itakuwa tope la vumbi.

Hiyo ndiyo tiba. Sasa angalia kile kidole chako kinachokigusa.

Piano nyingi za zamani zina vibao vyeupe vilivyofunikwa kwa pembe ya ndovu. Utaijua kwa mstari mwembamba wa kiungo, pale kipande kipana cha mbele kinapokutana na kile chembamba cha nyuma, na kwa nyuzinyuzi ndogo kama za mbao. Plastiki huwa kipande kimoja, haina nyuzi. Pembe yenyewe haileti uzito kwenye kibao. Uzito wake ni wa namna nyingine.

Karne ya 19, pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopendwa na watengeneza piano. Ilitoka mpaka kwetu Maniema. Wafanyabiashara wa pwani walifika Nyangwe na Kasongo, na miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, akaifanya Kasongo ngome yake. Kutoka hapo pembe zilibebwa mabegani hadi Ziwa Tanganyika, zikavuka kwenda Ujiji, zikapita Tabora mpaka Bagamoyo, kisha Unguja. Wapagazi wengine, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kazi yao na walilipwa. Wengine walitekwa vijijini, na hao hawakuulizwa. Unguja pembe zilipakiwa melini. Nyingi zilikwenda Connecticut, Marekani, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa wiki nyingi kwenye vibanda vya vioo ziwe nyeupe. Mwaka 1909 peke yake viwanda vya Marekani vilitoa piano zaidi ya 350,000. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mkataba mwaka 1989.

Njia hiyohiyo ya pembe ndiyo iliyoleta Kiswahili kwetu. Lugha ninayoandikia na kibao ninachotengeneza vilipita njia moja: kimoja kikienda pwani, kingine kikija bara. Leo Kiswahili hicho ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Biryogo kinasemwa sokoni bila kuomba ruhusa. Kwa nini basi piano iombe?

Ndugu zangu wa kambini, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, nina neno moja kwenu. Vitu vya msaada vinakuja na picha, bajeti ya kuvitengeneza haiji. Mtoto wa kwaya akikuta kibao hakirudi, anadhani mkono wake ndio mbovu, anaacha. Kabla hamjaandika "haifai" kwenye orodha, iteni mtu asukume nyundo moja kwa kidole. Ni dakika mbili. Wazee wetu walitembea miezi na pembe ile begani, na hakuna hata mmoja aliyeisikia ikipigwa. Watoto wetu wana haki ya kuisikia, tena ya kuipiga wao wenyewe.