Hemofilia: namna madaktari walivyojifunza kupima goti na mwendo wa mgonjwa

Hemofilia ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya damu ikawie kuganda. Unawapata zaidi watoto wanaume, na mara nyingi wanaurithi kwa upande wa mama. Watu wengi wanauogopa kwa sababu ya kidonda kisichokauka. Lakini kinachowalemaza wagonjwa wengi ni damu isiyoonekana kwa nje, ile inayovuja ndani ya maungio: goti, kiwiko na kifundo cha mguu. Madaktari walikawia sana kulifahamu jambo hilo, na wagonjwa walilipia kwa miguu yao, hata kwa uhai.

Kutoka damu kwenyewe kulijulikana tangu zamani. Katika karne ya 2, walimu wa sheria ya Kiyahudi waliamua kwamba ikiwa ndugu wawili wamekufa kwa sababu ya kutahiriwa, wa tatu asitahiriwe. Karibu mwaka 1000, Al-Zahrawi, daktari wa Córdoba katika Hispania, aliandika habari za wanaume waliokufa kwa damu kutokana na jeraha dogo tu. Mwaka 1803, John Otto wa Philadelphia, Marekani, alionyesha kwamba katika ukoo mmoja wanaume ndio waliougua, lakini wanawake wazima ndio waliopitisha ugonjwa kwa watoto wao.

Goti lililovimba ndilo lilibaki fumbo. Wakati ule kifua kikuu cha mifupa kilikuwa kingi Ulaya, na madaktari walidhani goti la mwenye hemofilia ni hicho hicho. Wakilipasua, damu haikusimama. Mwaka 1892 mpasuaji Mjerumani Franz König alieleza tofauti, akataja hatua tatu. Kwanza damu inajaa ndani ya ungio. Kiisha ungio linawaka na kuvimba mara kwa mara. Mwishoni linakauka, linajikunja na kukataa kunyooka. Leo inajulikana kwamba chuma kilicho ndani ya damu kinauchokoza utando wa ungio. Utando huo unanenepa na kuvuja tena kwa urahisi, na gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, inalika polepole.

Hata utajiri haukusaidia. Alexei, mtoto wa mfalme wa Urusi na kitukuu wa malkia Victoria wa Uingereza, alivuja damu vibaya katika paja na kinena mwaka 1912. Mguu wake ulijikunja. Mwaka uliofuata, ufalme ulipofanya sherehe za miaka 300 ya ukoo wao, raia walimwona akibebwa mikononi, kwa kuwa hakuweza kutembea.

Mabadiliko makubwa yalitoka Sweden. Huko Malmö, Inga Marie Nilsson na wenzake waliona kwamba wagonjwa wenye kiasi kidogo tu cha protini ya kugandisha damu, zaidi ya asilimia 1, maungio yao hayakuharibika sana. Tangu mwaka 1958 wakaanza kuwapa watoto wagonjwa sana protini hiyo kwa kipimo, kabla damu haijavuja. Mwaka 2007 uchunguzi wa Marekani juu ya watoto 65 ulithibitisha jambo hilo: kwa waliopewa dawa mapema, asilimia 93 walikuwa na maungio mazima walipofika miaka 6. Kwa waliongojea mpaka damu ivuje, walikuwa asilimia 55.

Lakini ili kujua dawa inasaidia, ilibidi kupima. Mwaka 1977 Arnold na Hilgartner walipanga uharibifu kwa hatua kufuatana na picha za radiografia, na mwaka 1980 Pettersson wa Sweden akaleta hesabu ya alama 0 mpaka 13 kwa kila ungio. Shida ni kwamba picha hizo zinaonyesha mfupa, na mfupa unaharibika nyuma ya vingine vyote. Ndipo wataalamu wakarudi kwenye macho na mikono. Kipimo kinachotumika leo katika nchi nyingi kinaangalia maungio sita, yaani magoti, viwiko na vifundo vya miguu vya pande zote mbili: uvimbe, maumivu, nguvu, misuli iliyopungua, na kama linanyooka na kukunjika. Kiisha mtoto anaombwa atembee, apande ngazi, akimbie, aruke kwa mguu mmoja. Jumla ni alama 124, na alama nyingi maana yake ni uharibifu mwingi.

Huko Vellore, India, ambako wagonjwa wengi hawakuwa na dawa ya kutosha, madaktari walitunga kipimo kingine. Wanaangalia kama mgonjwa anaweza kula, kuoga, kuvaa, kuinuka kitini, kuchuchumaa, kutembea, kupanda ngazi na kukimbia bila msaada.

Hapo kuna funzo kwa familia zilizohama makwao. Kambini mashine inaweza kukosekana, lakini mzazi anaona. Mtoto aliyetoka damu nyingi alipotahiriwa, au mwenye wajomba waliokuwa hivyo, akianza kuchechemea, akikanyaga kwa vidole tu, akikataa kuchuchumaa, au goti lake likiwa moto na kuvimba baada ya kugongwa kidogo, si uvivu wala uchawi. Apumzishwe, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi. Asikandwe, asipewe aspirini, asichomwe sindano ya msuli. Apelekwe haraka kituo cha afya, na mzazi amwambie muuguzi habari ya damu tangu mlangoni. Kwa wengine ugonjwa unaanza bila mtu mwingine katika ukoo kuwa nao, kwa hiyo kukosa mjomba mgonjwa si sababu ya kungoja. Goti linalotunzwa siku ya kwanza lina nafasi kubwa ya kunyooka tena.