Taya za Mulago na Kromosomu ya Nane

Historia ya limfoma ya Burkitt husimuliwa zaidi kama historia ya kirusi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto, meno yakilegea. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, hospitali hadi hospitali, wakachora ramani ya uvimbe huo: uko kwenye joto na mvua, haupo kwenye nyanda za juu. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli zilizotoka Uganda. Wengi huishia hapo, nami naona wanaishia mapema. Kirusi hicho kimo katika miili ya watu wazima wengi duniani, wala hawaugui. Tena wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani wenye uvimbe wa aina hiyohiyo hawakuwa nacho ndani ya seli zao za saratani. Kilichoutambulisha ugonjwa wenyewe ni kromosomu.

Kazi ya kuzichunguza kromosomu hizo ilifanyika Stockholm, lakini ilitegemea vipande vya nyama vya watoto wa Afrika Mashariki, ambavyo hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilikuwa ikivituma huko tangu miaka ya 1960. Rangi mpya ya kwinakrini ilizifanya kromosomu zing'ae kwa milia ya mwanga na giza, kila moja kwa mpangilio wake. Zilipigwa picha, picha zikakatwa kwa mkasi, kisha kila kromosomu ikawekwa kando ya mwenzake. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kuwa moja ya kromosomu namba 14 ina mlia wa ziada nchani. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha ulikotoka: ni kipande kilichokatika kutoka namba 8.

Tangu hapo mpaka wa ugonjwa haukuwa tena wa ramani. Iko aina adimu ya saratani ya damu, iliyoitwa L3 katika mpangilio wa mwaka 1976, yenye seli kubwa za buluu iliyokolea, zilizojaa vitundu vyeupe. Kwa wagonjwa wa Ulaya ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika, lukemia hii ilionyesha mvunjiko uleule wa 8 na 14. Kwa wachache, 8 ilibadilishana vipande na 2 au 22. Mwaka 1982 sababu ilijulikana. Kromosomu 14, 2 na 22 ndizo zinazobeba jeni za kingamwili, ambazo katika seli B, seli za damu zinazotengeneza kingamwili na ambamo saratani hii huanzia, hazilali. Jeni ya MYC ya namba 8 ikijikuta kando ya jeni hizo, hupokea amri ya kufanya kazi bila kupumzika, na seli hujigawa bila kikomo.

Kuna pingamizi la haki: kromosomu haielezi kwa nini watoto wa Uganda waugue zaidi kuliko wa nyanda za juu. Ni kweli, lakini malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B kuzikata na kuziunga upya jeni zao za kingamwili, na kila mkato ni nafasi ya kukosea. Kirusi nacho huzisaidia zilizokosea zisife. Ramani ya Burkitt inaonyesha mahali ajali inapotokea zaidi, haielezi ajali yenyewe. Wengine husema magonjwa ni mawili, maana kwa watoto wa Afrika mkato huwa mbali na MYC, ilhali kwingineko huwa karibu nayo au ndani yake. Tofauti hiyo ipo, ila jeni inayofunguliwa ni ileile.

Hili si suala la majina tu. Wagonjwa wa L3 walipotibiwa kama wa lukemia ya kawaida, kwa dawa za miaka miwili au mitatu, wengi walikufa. Walipoanza kutibiwa kama wa Burkitt, kwa dozi kali za miezi michache zenye saiklofosfamidi, dawa ambayo Kampala ilikuwa imeshaitumia kuyeyusha taya zilizovimba, wengi wakapona.