Pikapu kuukuu inapokataa kuwaka baada ya kubadilishiwa plagi na pointi

MKULIMA anayesafirisha maziwa au mboga kwa pikapu kuukuu aghalabu hana gari la pili. Pikapu hiyo ikipelekwa kwa fundi jioni ibadilishiwe plagi, pointi na kondensa, kisha ikatae kuwaka alfajiri, hasara huanza kuhesabiwa kabla ya jua kuchomoza. Maziwa huchacha, sukumawiki hunyauka, na mwenye gari hushauriwa anunue kabureta mpya, pampu mpya ya mafuta au hata injini nyingine.

Ushauri wa aina hiyo mara nyingi huwa wa pupa. Gari lililoingia gereji likijiendesha lenyewe, kisha likashindwa kuwaka baada ya kazi kufanywa, kwa kawaida huwa na kasoro katika sehemu iliyoguswa. Jambo la busara ni kuirudia kazi ya jana, hatua moja baada ya nyingine, kabla ya kununua chochote.

Maelezo haya yanahusu magari ya petroli yenye kabureta na distributa ya pointi, kama vile pikapu nyingi za Peugeot 504, Datsun na Toyota Hilux za miaka ya 1970 na 1980, pamoja na Land Rover za zamani. Injini za dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, wala hazina mfumo huu.

Safari ya cheche

Betri hutoa volti 12, kiasi kisichoweza kuruka nafasi iliyo kwenye ncha ya plagi. Kazi ya koili ni kuzigeuza volti hizo chache kuwa maelfu mengi. Pointi zilizo ndani ya distributa zinapofungana, umeme hupita katika koili. Zinapoachana, koili hutoa umeme mkali ambao hupita kwenye waya wa katikati hadi kofia ya distributa. Humo rota huuelekeza kwenye waya wa silinda ambayo zamu yake imefika, na plagi hutoa cheche. Kondensa huzilinda pointi zisiungue na huiwezesha koili kutoa cheche yenye nguvu.

Kiungo kimoja kikikatika katika mnyororo huo, injini haiwaki hata kama vipuri vyote ni vipya.

Kwanza: je, cheche ipo?

Iwapo starta haizungushi injini kabisa, au inaizungusha kwa unyonge, kinachofaa kuchunguzwa ni betri, vichwa vyake na waya unaounganisha injini na bodi. Betri nyingi huishiwa nguvu kwa sababu gari limejaribiwa mara nyingi mno. Starta isizungushwe kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo bila kupumzishwa.

Iwapo injini inazunguka vyema lakini haiwaki, plagi moja huchomolewa, ikarudishwa kwenye waya wake na kulazwa ili chuma chake kiguse chuma cha injini. Gia huwekwa huru na breki ya mkono kuvutwa, kisha mtu wa pili huzungusha starta. Cheche nzuri huwa ya rangi ya samawati na husikika ikilia. Ya manjano na hafifu ni dalili ya udhaifu.

Tahadhari ni lazima. Waya huo haushikwi kwa mkono mtupu, na jaribio halifanywi mahali petroli imemwagika wala karibu na tundu la plagi linalotoa mvuke wa mafuta. Cheche ndogo yatosha kuliteketeza gari zima.

Ikiwa hakuna cheche

Taa ndogo ya kupimia, yenye balbu ya volti 12 na nyaya mbili, yatosha kwa kazi hii. Swichi ikiwa imewashwa, taa huwekwa kati ya upande chanya wa koili na chuma cha injini. Isipowaka, umeme haufiki kwenye koili, na chanzo huenda kikawa fyusi, swichi au waya uliosahauliwa.

Ikiwaka, taa huhamishiwa upande hasi wa koili, ule unaokwenda kwenye distributa, kisha starta huzungushwa. Taa yapaswa kuwaka na kuzimika kwa kufuatana. Isipowaka kabisa, yawezekana pointi hazifunguki, au waya wake unagusa chuma kwa kuwa kipande cha plastiki cha kuzuia umeme kiliwekwa vibaya wakati wa kuzifunga. Hilo ni kosa la kawaida sana. Kondensa mbovu nayo, hata ikiwa mpya, yaweza kuleta dalili iyo hiyo. Ikiwa taa inabaki kuwaka bila kupepesa, pointi hazifungani, au zimefunikwa na mafuta ambayo kiwanda huyapaka kuzuia kutu. Hizo husafishwa, na nafasi yake hupimwa upya kulingana na kitabu cha gari; kwa magari mengi huwa karibu na milimita 0.4.

Taa ikipepesa ilhali plagi haitoi cheche, huchunguzwa rota, ambayo huweza kusahauliwa mezani, kofia iliyopasuka, na waya mnene wa katikati.

Ikiwa cheche ipo, ila kwa wakati usiofaa

Injini inayokohoa, kupiga mlio kwenye kabureta au kurusha starta kinyume, huwa inapata cheche wakati usio wake. Kwanza hukaguliwa mpangilio wa nyaya. Injini nyingi za silinda nne hufuata utaratibu wa 1-3-4-2, lakini si zote zinazohesabiwa kutoka mbele. Katika Peugeot 504 ya silinda nne, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa gia, nyuma ya injini. Fundi aliyezoea Toyota akianzia mbele, gari hilo haliwaki ng'o.

Kosa la pili hutokea distributa ilipong'olewa. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi: mara moja ikiwa imebana hewa na petroli, na mara nyingine ikitoa moshi. Alama ya puli huonekana sawa mara zote mbili, ilhali cheche yatakiwa ile ya kwanza tu.

Kulitambua hilo si vigumu. Plagi ya silinda ya kwanza hutolewa, kidole gumba kikaziba tundu, na injini ikazungushwa polepole kwa spana. Hewa ikikisukuma kidole huku alama ikikaribia mahali pake, huo ndio wakati wa kubana. Hapo rota yapaswa kuelekea waya wa silinda ya kwanza. Ikielekea upande wa pili kabisa, distributa imewekwa kinyume.

Gari linalowaka kisha kuzima mara ufunguo unapoachiliwa lina kasoro nyingine. Katika baadhi ya magari, koili hupata umeme kwa njia moja wakati wa kuwasha, na kwa njia nyingine yenye kizuizi baada ya hapo. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyokatika.

Usiache mbachao

Majaribio mengi hulowesha plagi kwa petroli. Hizo hukaushwa kabla ya kurudishwa. Aidha, swichi isiachwe wazi injini ikiwa imezima, kwani koili huweza kuungua.

Njia bora ya kuepuka masaibu haya ni kuziwekea nyaya alama kabla ya kuzichomoa, kubadilisha kipuri kimoja kwa wakati na kuwasha gari kila baada ya hatua. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kondensa ya zamani iliyolifikisha gari gereji ni kipimo cha kuaminika kuliko mpya ambayo haijawahi kujaribiwa. Ikirejeshwa na gari likawaka, mwenye pikapu atakuwa amejua ubovu uliko, na maziwa yatafika sokoni yangali mabichi.