Mwanamuziki wa kufoka aliyezua mjadala wa Ikulu runingani

MNAMO Mei 11, 2011, mkewe Rais wa Marekani wakati huo, Bi Michelle Obama, aliandaa jioni ya mashairi katika Ikulu ya White House. Miongoni mwa waalikwa alikuwemo Common, msanii wa muziki wa kufoka kutoka Chicago.

Watangazaji wa runinga ya Fox News waliukosoa mwaliko huo. Kiini kilikuwa wimbo alioutoa 2000 kumsifu Assata Shakur, aliyehukumiwa 1977 kwa mauaji ya polisi wa New Jersey, Werner Foerster. Shakur alitoroka gerezani 1979, akapewa hifadhi Cuba, alikofariki 2025. Polisi wa New Jersey hawakuwa wakibishania ladha ya muziki. Mwenzao aliuawa kazini.

Mei 16, mchekeshaji Jon Stewart alimkabili Bill O'Reilly katika kipindi chake. Mbona Bob Dylan, aliyemtetea kwa wimbo bondia Rubin Carter, mfungwa wa mauaji, alikaribishwa Ikulu bila lawama? Mfano huo una kasoro: hukumu ya Carter ilibatilishwa 1985, ya Shakur haikubatilishwa. O'Reilly alishikilia kwamba mwaliko wa Ikulu ni heshima, na anayeupokea sharti achunguzwe.

Common mwenyewe hakuwa studioni.