Senema na Watu wa Kinondoni na Temeke

Waandikao habari za senema katika Dar es Salaam huhesabu majumba yaliyokuwa mjini: Empire, Avalon, Odeon, Empress na mengineyo. Hesabu hiyo ni njema, ila yasahau jambo moja, nalo ni njia. Majumba hayo yalisimama upande wa mjini, penye maduka ya Wahindi, ambao ndio waliojenga mengi yao. Mtu wa Temeke au wa Kinondoni hakuwa amemaliza gharama alipokwisha kununua tikiti. Pengine tikiti ndiyo iliyokuwa sehemu ndogo.

Na tuitazame safari yake katika miaka ya 1950, zilipopendwa mno picha za Raj Kapoor kama Awaara, iliyotoka India mwaka 1951. Jioni hutoka nyumbani amevaa nguo iliyopigwa pasi, kwani kwenda senema hakukuwa jambo la kwenda na nguo za kazi. Kama hana baisikeli wala nauli, hushika njia kwa miguu, zaidi ya saa nzima. Afikapo mlangoni siku ya Jumapili hukuta msongamano. Tikiti dirishani zimekwisha, nazo zi mikononi mwa walanguzi kwa bei iliyopita ile ya ukutani. Ndani ni joto, na jirani yake aliyekwisha kuiona picha mara tatu huimba kila wimbo na kumweleza Kihindi asichokijua. Wako waliouona huo kuwa udhia. Sisi twaona ilikuwa nusu ya starehe yenyewe. Picha ya mwisho ikiisha, hurudi gizani na wenziwe, wakibishana njia nzima kama yule baba alitenda haki.

Wako waliofikiri kuwapelekea watu picha huko waliko. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Baraza la Misioni la Mataifa lilisimamia jaribio lililokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Zilitengenezwa picha 35, zikachukuliwa kwa lori mpaka Kenya, Uganda na Nyasaland. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikatoka Muhogo Mchungu, habari za kijana wa shamba aliyekwenda mjini. Mchezaji wake mkubwa alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, na ambaye jina lake limepewa barabara ipitayo Kinondoni. Picha za lori zilifundisha habari za safura, za ngozi za ng'ombe na za kuweka fedha benki ya posta. Kiingilio hakikuwako, lakini mtazamaji naye hakuchagua.

Mwaka 1966 senema ilisogea Kinondoni yenyewe, ilipofunguliwa Drive-In huko Msasani, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya motokaa, na kipaza sauti kimetundikwa dirishani. Jamaa walijazana katika gari moja pamoja na watoto, vyakula na mbu. Leo mahali hapo pana ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya ule wa zamani kupigwa bomu tarehe 7 Agosti 1998.

Lakini yaliyoleta senema mlangoni hasa ni mabanda ya video. Televisheni moja, mabenchi machache, pazia jeusi mlangoni, na sarafu ya shilingi mia au mia mbili. Hapana nauli wala safari ya usiku. Tena hapo alizuka mfasiri. Mashuhuri wao alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Picha ya Wachina au ya Wahindi ikipita, yeye huisimulia kwa Kiswahili, akiongeza mithali na mzaha ambao mtungaji wa picha hakuuwaza kamwe. Yule jirani wa miaka ya 1950 aliyeeleza bure, sasa amekuwa na kazi.

Sisi walimu twayalaumu mabanda haya, na lawama nyingine ni ya haki: watoto huingia saa za masomo, na picha nyingine haziwafai. Walakini hatukubali wasemao kwamba hayakuwa na faida. Mtu ambaye mji ulimwekea senema mbali alipata humo kucheka kwa lugha yake, na kurudi kwake kabla chakula hakijapoa.

Humo pia wengi walimjua Steven Kanumba. Alipofariki Aprili 2012, alizikwa makaburi ya Kinondoni tarehe 10, baada ya kuagwa viwanja vya Leaders, na maelfu walihudhuria. Siku ile njia iligeuka: watu wa mjini ndio waliosafiri kuja Kinondoni, nao wakasukumana katika jua kali, bila tikiti, wapate kumwona mchezaji wa senema.