Siku ya Nane: Kurudishwa kwa Aliyetakaswa



Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, twasoma sheria ya kumtakasa mtu aliyepona ukoma. Kwa Waisraeli wa kale neno hilo lilikusanya maradhi mengi ya ngozi, hata ukungu wa nguo na wa kuta za nyumba. Kuhani hakuwa mganga. Mgonjwa alikuwa amekwisha kupona; kazi ya kuhani ilikuwa kumrudisha kwa watu wake. Naye ndiye aliyetoka nje ya kambi kumwendea.

Ibada ilichukua siku nane. Siku ya kwanza ndege mmoja alichinjwa juu ya maji ya chemchemi, wa pili akaachiwa huru kondeni. Mtu yule alifua nguo, akanyoa, akaoga, akaingia kambini. Lakini siku saba alikaa nje ya hema yake. Siku ya nane alipakwa damu ya sadaka, kisha mafuta, katika sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume. Mahali hapo hapo ndipo Haruni na wanawe walipopakwa damu walipowekwa wakfu. Aliyetengwa alirudi kwa heshima iliyofanana na ya makuhani! Na maskini, badala ya wanakondoo watatu, alileta mmoja na hua wawili.

Sisi wa Dar es Salaam tunaijua Nunge ya Kigamboni, iliyokuwa kwa miaka mingi ndani ya Wilaya ya Temeke. Huko waliwekwa wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Miaka ya 1980 ikaja dawa mseto, inayoponya kwa miezi 6 au 12. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia lengo la kimataifa: chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Hata hivyo, mtu aweza kupona, asipate wa kumpokea kwao. Dawa imemaliza kazi yake, lakini siku ya nane haijafika.

Tujiulize katika jumuiya zetu za Kinondoni na Temeke: aliyepona kifua kikuu, au aliyetoka gerezani, nani atatoka kumwendea? Kumkaribisha kwa mdomo huku tukimwacha mlangoni ni kuzirefusha zile siku saba bila kikomo. Tumwite kwa jina, tumpe kiti, tumpe na kazi. Asikie, atende na atembee pamoja nasi.